Nyasi za Mbwa

Kwa watu nilisema nyasi zile ni za mbwa. Jirani yangu alichungulia juu ya ukuta, akamwona fundi anakunjua kapeti la kijani uani kwangu, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mbwa wanatandikiwa kapeti, na sisi watu tunakanyaga vumbi!" Nilimjibu kwamba kila mtu na wake. Ukweli ni kwamba nilitaka mama abaki.

Mama alikuja kwangu Singida mjini kutoka Mtinko mwezi wa Julai, kwa sababu ya presha ya macho. Ilikuwa lazima atiwe matone kila siku na aonwe kliniki kila mwezi, na kule kijijini aliishi peke yake. Alishuka na mfuko wa unga wa uwele na mbwa wake wawili, jike na dume, waliochunga naye mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wakaisha. Nilipomwamkia tu, masharti yakaja pamoja na jibu. "Marahaba. Nyasi zikichipua, mimi naondoka. Shamba halilimwi kwa simu."

Nilicheka, lakini moyoni nilianza kuiogopa mvua. Mtu wa Singida anaogopa mvua! Baba angenisikia angenitafutia mganga.

Uani kwangu hakukuwa na hata kiganja cha udongo. Nilipojenga nilimwaga zege ukuta hadi ukuta, maana vumbi lilinichosha tangu utotoni. Mbwa wale hawakujua zege. Mchana liliwaka moto, wakawa wanahama na kivuli cha ukuta, wanalala, wanainuka, mpaka viwiko vikanyonyoka manyoya na kutoka vidonda. Dume alikwangua sakafu akitafuta pa kujichimbia, kucha zikavuja damu. Mama alikaa mlangoni akisikiliza lile kwangukwangu. "Hawa wanataka kwao," alisema, na nilijua hasemi mbwa peke yao.

Ndipo nikamtafuta fundi anayetandika nyasi bandia kwenye baa na kumbi za harusi. Alikuja siku ambayo mama alikuwa amekwenda kumtembelea dada yake. Alianza kwa kunigombeza: zege langu halikuwa na mteremko, mkojo wa mbwa ungetuama chini na nyumba nzima ingenuka. Akalitoboa zege, akamwaga kokoto ndogo, juu yake mchanga, akashindilia. Kapeti alilianika juani kwanza lilegee, kisha akalikata kwa kisu na kuunga vipande kwa gundi, akihakikisha majani yote yanalalia upande mmoja. Alipomaliza, dume alizunguka ukingoni, akanusa, akainua mguu. "Kazi imepokelewa," fundi alisema.

Mama alirudi jioni amechoka, akapitiliza kulala. Asubuhi nikamkuta amesimama mlango wa jikoni, mkono mmoja kwenye fremu. Sura za watu hakuziona tena vizuri, lakini rangi aliziona. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuiona tangu afike.

"Mvua imenyesha lini? Mbona sikusikia bati?"

Kabla sijajibu alisharudi chumbani, anatandaza kanga kitandani afunge nguo zake, anawaita mbwa kwa Kinyaturu. Ilikuwa Oktoba, hata mibuyu haina jani. Nilichoweka ili akae ndicho kilichomwinua. Nikajikuta nacheka, na kicheko kile nakijutia mpaka leo. "Mama, ni plastiki."

Alitoka, akainama, akashika majani akavuta. Hayakung'oka. Akanusa vidole. "Kumbe haya ya makaburini," alisema, maana huko mazishini ndiko alikowahi kuyaona, yamefunika udongo pembeni mwa kaburi. Akarudi ndani kukifungua kile kifurushi, nguo moja moja.

Mbwa walipona viwiko. Kila asubuhi mama aliyafagia majani yale na kumwaga maji pale walipokojoa. Ila habari ya nyasi kuchipua hakuitaja tena. Aliuliza simu: "Hawajapiga kutoka nyumbani?"

Walipiga mwishoni mwa Novemba. Binamu yangu aliniambia mvua kubwa imeshuka Mtinko, watu wanapanda. Mjini yalikuwa mawingu matupu. Mvua ya kwetu huchagua pa kuangukia. Nilisema nitamwambia. Sikumwambia siku ile, wala ya pili, na wiki ikapita. Kila alipouliza nikajibu bado. Nilimdanganya mama yangu mzazi, tena haoni vizuri, na kwa mkono uleule nikamtia matone machoni.

Kisha mvua ikafika mjini, Jumamosi mchana. Bati likapiga kelele. Mama akatoka pekupeku, akasimama katikati ya nyasi, maji yakipenya na kwenda zake chini. Alivuta pumzi mara mbili, tatu.

"Hata harufu ya udongo umeifunika."

Hapo nikashindwa. Nilimweleza yote, kwamba nyumbani kumenyesha wiki nzima na mimi nilijua. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kwa nini.

"Mbwa walishazoea," nikasema. Mtu mzima na akili zangu, nikasema mbwa.

"Ungeniambia, mama baki, ningebaki," alisema. "Miezi yote hii nilikuwa nangoja uniambie. Mbwa umewatandikia. Mimi hukuniomba hata siku moja."

Nilifungua mdomo. Mvua ilikuwa kubwa, nikajipa kisingizio kwamba hatanisikia.

Jumatatu alipanda gari na mbwa wake, akiwahi kupanda alizeti. Matone anatiwa na mke wa binamu yangu. Kliniki anakuja na kurudi siku hiyohiyo.

Jumapili huwa napiga simu. Shikamoo, marahaba. Namuuliza alizeti imefikia wapi, namuuliza kuhusu macho, kisha namuuliza mbwa. "Hawajambo," anasema, halafu hakati simu. Namsikia anapumua. Nimemkumbuka, na neno la kumwambia ni moja tu, rudi.

"Mama," nasema, "salio linaisha."