Kamera Iliyomeza Harusi ya Gashonga

Kisa hiki kilinitokea mimi mwenyewe, saa nane mchana, mjini Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, nikiwa nimeshiba na akili zangu zote ninazo. Nasema mchana kwa sababu nawajua: watu wakisikia kisa cha namna hii hutafuta usiku, hutafuta pombe, hutafuta homa. Havikuwepo. Kulikuwa na chai ya maziwa, sahani ya sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, za kukaanga, na mvua nje. Na jambo jingine mlijue mapema: sisimulii kwa woga. Wengi wakikutana na vitu hivi hutetemeka. Mimi nina hasira. Ninayo mpaka leo, na mwishoni mtaniambia kama sina haki.

Mimi ni mpiga picha. Harusi, ubatizo, picha za pasipoti kwa wanaovuka kwenda Bukavu. Lakini watu wa Kamembe wananijua zaidi kwa jambo jingine: mtu akitaka kununua kamera yake ya kwanza, zile kubwa za kubadilisha lenzi, huja kwangu. Namsindikiza kwa muuzaji, naikagua, namwambia chukua au acha. Sitaki malipo. Wengine hudhani ni wema. Ni hasira ya zamani.

Miaka kumi na minne iliyopita nami nilikuwa nikianza. Nilinunua kamera iliyokwisha tumika kwa mtu mmoja karibu na soko, mtu wa shati jeupe na maneno matamu. Mimi niliitazama kamera, yeye sikumtazama. Siku ya nne nikaenda nayo kijijini Gashonga kwenye harusi ya dada yangu, Josée. Nilipiga picha mia mbili na kumi na mbili. Tukazifungua kwenye kompyuta ya jirani, ukoo mzima umejazana mlangoni. Viti. Meza. Turubai. Keki, na kisu kimezama nusu, mkono hakuna. Picha mia mbili na kumi na mbili, na humo hamna mtu hata mmoja.

“Mbona hakuna watu?” Josée aliuliza. Halafu akaanza kulia.

Baba alisema nililewa nikapiga picha za meza. Wajomba walicheka, hadi leo wapo wanaoniita Mpiga Viti. Hilo ningelisamehe. Lakini miezi mitatu baadaye mama alifariki. Sitasema ilikuwa kamera, maana alikuwa na presha kwa miaka. Nasema hivi tu: mama alikwepa picha maisha yake yote, na siku ile peke yake ndiyo aliyokubali, kavaa mushanana, vazi letu la sherehe, ya rangi ya chungwa, anacheka huku kaziba mdomo kuficha pengo. Tulimzika na picha ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka uso ukawa ukungu. Nikaichukua ile kamera, nikaomba nafasi kwenye mtumbwi wa wavuvi, nikaitupa katika ziwa Kivu mahali penye kina. Nilidhani ni mbovu. Basi.

Tangu hapo nikajiapiza: mtu anayeanza hatanunua kamera peke yake mji huu, maadamu nipo.

Mwaka jana akaja Vestine. Ni binti wa Bugarama, baba yake anafanya kazi ya sementi, na nyanya yake ndiye aliyemlea. Alisuka nywele za watu miaka miwili ili apate hiyo kamera. Anaongea haraka, anacheka haraka. Aliniita Tonton, yaani mjomba, tangu siku ya kwanza.

“Tonton, bananiambia nitafute yenye megapikseli mingi sana. Ni kweli?”

“Hizo ni za kujigamba nazo,” nikamwambia. “Tafuta inayokaa vizuri mkononi mwako, na lenzi moja ya kawaida. Itumie mwaka mzima. Ndipo utajua unachokosa, nayo itakuambia yenyewe.”

Nikamweleza jinsi inavyofanya kazi, kama ninavyowaeleza wote. Ndani kuna kioo kidogo kimelala mshazari. Ndicho kinachokuletea jichoni kile unachokiona ukichungulia tunduni. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu ili mwanga upite uiandike picha, na kwa mpepeso huo tundu linakuwa giza. Kwa hiyo ile picha yenyewe ndiyo kitu pekee ambacho mpigaji hakukiona.

“Ee! Kumbe munapigaka na macho ya kufunga?”

“Tunapiga kwa imani.”

“Basi mukuwe bapadri.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. “Ya kwanza itakuwa ya nyanya,” akasema. “Hana foto, ila ile ya karte ya kitambulisho. Docteur anasema moyo yake imechoka. Minataka nimupige akingali anacheka.”

Mtaelewa kwa nini nilimchukulia binti huyu kama damu yangu.

Nilimfundisha na ukaguzi. Piga ukuta mweupe uone kama kuna madoa. Fungua mlango wa betri utafute kutu. Na la mwisho ni langu, halimo kwenye kijitabu chochote: mpige picha anayeuza. Mwizi hapendi sura yake ibaki ndani ya kitu alichoiba. Nimewanasa watatu kwa njia hiyo. Ghafla anainama kufunga kamba ya kiatu, ghafla anakumbuka ameitwa mahali, anaondoka.

Muuzaji alipatikana kupitia rafiki yake Vestine wa sokoni. Tukamkuta kwenye mgahawa wa Maman Furaha: shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, Kiswahili cha Bukavu. Akatuagizia chai. Nikaanza kazi. Lenzi safi. Ukuta mweupe, hakuna doa. Betri mpya. Nilikuwa karibu kufurahi, niaminini. Halafu nikaishika sawasawa, na kidole gumba kikaingia kwenye kishimo kidogo cha ule mpira wa kushikia, kikatulia humo.

Siku ile ya harusi umeme ulikatika, nikaikagua kamera yangu kwa mshumaa, na mpira ukayeyuka. Pale pale. Kidole kilijua kabla ya kichwa.

Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikamtazama yule mtu badala ya kamera. Miaka kumi na minne. Mimi nimeota mvi. Yeye hana kunyanzi hata moja.

“Sasa nipige muuzaji, ao?” Vestine aliuliza, mwanafunzi mwema, akaichukua mkononi mwangu. Sikuwahi kumzuia. Yule mtu akanyoosha kola yake.

“Piga tu, mwanangu. Miye minapenda foto.”

Akapiga. Akanirudishia kamera bila kutazama. “Angalia weye kwanza, Tonton. Minaogopa kama iko mubaya.”

Nikaangalia. Kwenye kiti cha yule mtu, mbele ya chai yake inayofuka, alikuwa amekaa mama yangu. Mushanana ya chungwa. Mkono mdomoni.

Mnadhani nilipiga kelele? Nikabonyeza kurudi nyuma. Josée na mumewe, mikono yao miwili juu ya kisu cha keki. Baba akicheza. Wajomba walionicheka, nao wakicheka humo humo. Mama tena, akimlisha keki mtoto wa jirani. Mama akinikemea mimi niliyeshika kamera, kidole juu, kwa kuwa nilikuwa sijala.

Nikarudi kwenye ile ya kwanza, ya mama kitini, na hapo yule mtu akaanza kuongea Kimashi, kwa sauti ya chini. Kimashi ni lugha ya mama yangu, aliyezaliwa ng’ambo, upande wa Kongo. Vestine haijui.

“Zote mia mbili na kumi na mbili zimo,” akasema. “Kadi yenye picha nitakupa wewe, bure. Msichana achukue kamera. Mwambie tu kwamba ni nzuri.”

“Mwambie mwenyewe.”

“Haifai nikisema mimi. Tangu uanze kuzunguka na hawa wanaoanza, hakuna anayenunua bila neno lako. Umeniharibia soko.” Alilalamika hasa, kama mwenye duka aliyefunguliwa duka jingine mlango wa pili.

“Na nyanya yake? Na wengine atakaowapiga?”

“Watakaa vizuri. Si umemwona mama yako? Amezeeka?”

Vestine alikuwa akitutazama kwa zamu, anangoja. “Tonton,” akasema, “iko muzuri?”

Nikanyamaza.

Ningeweza kuwaambia nilikuwa napanga maneno ya kumtoa salama. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu “ndiyo” ilikuwa tayari ulimini. Nilishapiga hesabu: Vestine ni kijana, ataona imeharibika, ataitupa, atasuka nywele tena. Nyanya wa Bugarama simjui. Josée atamtundika mama sebuleni. Mimi niliyejiapiza! Na mtoto wa watu ananitazama kama vile jibu langu ni chakula. Chai ilianza kuweka utando juu.

Vestine akachoka kungoja, akainama juu ya bega langu, akaangalia.

“Mbona hakuna muntu?” akasema. “Iko kiti tu.”

Maneno ya Josée. Na sauti ile ile, ya mtu ambaye bado hajaanza kulia.

“Haifai,” nikasema. “Rudisha hela yako mfukoni, Vestine. Haifai hata kidogo.”

Picha ikaanza kufifia mkononi mwangu, na sikubonyeza kitu. Kwanza ile rangi ya chungwa, kisha mkono. Pengo lake nililiona, kwa kuwa mkono ulitangulia kuondoka. Kisha kikabaki kiti.

Nikachukua chai yangu nikammwagia yule mtu kifuani.

“Papa!” Maman Furaha alitoka jikoni na mwiko wake. “Muntu muzima namuna hii! Chai yangu inakukosea nini? Na iyo meza atapanguza nani, babu yako?”

“Mwizi!” nikapiga kelele. “Mwizi mkubwa huyu!”

“Ameiba nini?” wateja wakauliza, wengine wameshasimama tayari kumshika. Nikawanyooshea kamera, wakaona kiti tu.

Ningependa kuwaambia aliyeyuka kama moshi. Hakuyeyuka. Alijipangusa kwa leso, doa likabaki kwenye shati kama ambavyo lingebaki kwa yeyote, akaichukua kamera mkononi mwangu akaifunga mkobani, akalipa chai zote tatu. Mlangoni akageuka, na safari hii akasema Kiswahili, kila mtu asikie: “Hakuna shida, mzee. Bale banaoanza habakosekani.”

Nje akasimamisha pikipiki. Akabishana na dereva juu ya nauli, mvua inawanyeshea wote wawili, akashinda, akavaa kofia ngumu, wakaenda. Ndilo linalonichoma kuliko yote. Anabeba mama zetu mkobani, na bado anabishana nauli!

Vestine alipata kamera nyingine wiki tano baadaye, kwa fundi mmoja aliyekuwa anahamia Kigali. Tulimpiga picha, akatokea, na kitambi chake chote. Nyanya alipigwa siku hiyo hiyo, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, anamcheka mjukuu wake. Alifariki kabla ya mavuno. Nilienda Bugarama kwenye msiba. Picha ilikuwa juu ya jeneza, kubwa, safi, unaweza kuhesabu meno yake matatu. Nililia, na watu wakanishika mkono wakidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namwonea wivu. Bibi wa watu, kwenye jeneza lake.

Na Josée? Nilimweleza yote, kama mpumbavu, nikitegemea aniambie nimefanya vema.

“Yaya,” akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, “ulikuwa na mama mukononi, ukamurudisha?”

“Josée, yule msichana angepoteza...”

“Ule musichana ni nani kwetu?”

Hajaniita yaya tena tangu siku hiyo. Simu zangu hapokei. Amenisamehe picha mia mbili na kumi na mbili za viti, lakini hili hanisamehei, na sijui nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi, kwa sababu kuna siku napita karibu na soko na macho yangu yanatafuta shati jeupe lenye doa la chai. Sitaki kujua nikimwona nitamwambia nini.

Kwa hiyo nawaonya ninyi mnaoanza, na nawaonya kwa upendo, ingawa nimefoka tangu mwanzo. Kamera bado ni kitu kizuri. Jifunzeni, msiogope, anzeni na ndogo, na wapigeni wazee wenu leo kabla ya kesho. Piga ukuta mweupe. Mpige anayeuza, na picha uiangalie wewe mwenyewe kabla ya mwingine yeyote, hata kama unaogopa kuwa umeharibu. Na ukimgeukia yule aliyekusindikiza, unayemwamini, ukamuuliza kama ni nzuri, naye akanyamaza, usingoje jibu lake. Inuka, uache chai mezani, uende. Fanya hivyo hata kama aliyekusindikiza ni mimi.