Mchanga kwenye Rangi Nyekundu

Juzi, kule mtaani Ibanda, nilimwona fundi akimwagia maji ya moto bodi ya gari la zamani, nikasikia tena harufu ya kitambaa chenye mvuke.

Nilipokuwa mtoto, babu alimwachia papa, baba yangu, gari jekundu la mbio, la viti viwili. Tairi ya nyuma ilikuwa ikisuguana na bati kila tulipopita shimo. Alasiri moja papa alikanda ukingo wa bati kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha akaukunja kwa ndani taratibu kwa mchi, usiguse tena tairi.

"Rangi ikiwa baridi, inapasuka," aliniambia.

Mimi nilidhani anaondoa uchafu uliokataa kutoka. Alipoingia ndani kuchota maji mengine, nikachota mchanga, nikasugua rangi kwa nguvu, kama maman alivyonifundisha kung'arisha sufuria.

Papa alirudi, akatazama mikwaruzo, halafu akatazama kitambaa chake.

"Kitambaa ilikuwa na muchanga. Nimeharibu gari ya muzee."

Nilificha mikono yenye mchanga nyuma ya mgongo.

Juzi, kule Ibanda, papa alikuwa kando yangu. Alimwangalia yule fundi mpaka akamaliza.

"Huyu anajua kazi," alisema polepole. "Miye niliharibishaka."

Mikono yangu ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo.