Zile Nne za Unywele

Karakana nzima walimwita Unywele, ingawa kichwani hakubakiwa na hata mmoja. Kila kipande alichopelekewa akipime, alisema, "Bado unywele," akamrudishia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mwendeshaji wa mashine moja tu, lidude la kijani linalochonga chuma kwa amri za kompyuta. Wengine wakiligusa, vipande vinatoka vya kutupa, nao wanaondolewa. Akiligusa yeye, vinatoka sawasawa. Meneja alikuwa akisema ana mkono wa baraka, naye Unywele anainamisha macho kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anachoficha.

Alichoficha ni hiki. Skrubu ndefu inayosukuma meza ya mashine ile ilikuwa imelika zamani. Meza ikigeuza njia, inapungukiwa kidogo, sehemu nne za mia za milimita moja. Unywele aliligundua hilo mwaka wake wa tatu, na badala ya kusema, akawa anaziongeza zile nne kimyakimya kwenye kompyuta, kila kazi, mgongo ukiwa umeziba kioo. Mtu mwema sana. Angesema, skrubu ingebadilishwa, na mkono wa baraka ungebaki mkono tu.

Kisha mota zikafa, na visanduku vya umeme vinavyoziendesha vikafa nazo. Meneja, ambaye kwa utaalamu wake wote alijua kutofautisha mashine na kabati, akaamua liuzwe kama chuma chakavu.

"Na wewe tutakutafutia nafasi stoo," alimwambia.

Stoo kulikuwa na rafu, glavu na taa moja. Unywele hakula siku mbili. Ya tatu akaenda ofisini kuomba mashine iwekewe mota mpya na visanduku vipya. Meneja akampa wiki tatu na sharti moja: kipande cha majaribio kikatwe mbele yake, kisikose kipimo kwa zaidi ya sehemu mbili za mia. Kikipita, mashine inabaki na Unywele anabaki nayo. Kisipopita, winchi inakuja kuibeba.

Kazi ya umeme akaifanya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi hodari mwenye ulimi wa kukwaruza.

"Shemeji, waya huu uliufunga na nini?"

"Plasta."

"Kwani ulikuwa umeumia?"

"Uliumia waya. Fanya kazi."

Akang'oa mota za zamani, akafunga mpya zisizofika hata nusu ya ukubwa wa zile. Unywele alizitazama kama mchumba wa bintiye aliyekuja mikono mitupu. Na kwa kuwa shemeji alikuwa na ugonjwa wa kufanya kazi inavyotakiwa, alipima pia mwendo wa meza, akakuta inapungukiwa zile nne, akaiagiza kompyuta mpya izifidie yenyewe.

"Skrubu yako imelika, shemeji. Nimeshairekebishia kwenye kompyuta," alimwambia.

"Sawa," akajibu Unywele. Alisikia vizuri kabisa. Kidole chake ndicho hakikusikia.

Siku ya majaribio meneja alikuja na koti jeupe lenye mikunjo ya dukani. Unywele akasimama mbele ya kioo, akaingiza vipimo, na kidole kikaongeza nne kama kilivyozoea. Chuma kikachongwa, mota zikienda kimya. Meneja akashika maikromita kichwa chini, akageuziwa, akapima. Kipande kilikuwa kimekosa kipimo kwa sehemu nne za mia.

"Haiwezekani," alisema shemeji. "Nilipima mara sita."

"Basi ulikosea mara sita." Meneja akatoa simu kuita winchi.

Hapo Unywele akajua kidole kimefanya nini.

"Bosi, turudie mara moja tu."

"Nipe sababu."

Sababu alikuwa nayo moja tu, na ndiyo hiyo aliyoilinda kuliko alivyolinda ndoa yake. Akamtazama shemeji, aliyekuwa akikusanya bisibisi zake.

"Hajakosea yeye. Nimeongeza nne mimi, juu ya zake."

"Kwa nini?"

"Mazoea. Nimekuwa nikiziongeza miaka kumi na tisa."

Meneja alihitaji muda, maana kuelewa hakukuwa kazi yake ya kila siku. "Kwa hiyo wale wote niliowaondoa kwenye mashine hii kwa kuharibu vyuma?"

"Hawakuwa wabovu," alisema Unywele. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Akafuta zile nne, akakata kingine. Kikatoka bila kukosa kipimo hata kidogo, kizuri kuliko chochote alichowahi kukata. Simu ikarudi mfukoni.

"Kumbe sasa mtu yeyote anaweza kuiendesha?" aliuliza meneja, uso umemng'aa.

Shemeji akainama kwenye sanduku lake la vifaa.

"Yeyote, bosi," alijibu Unywele.

"Safi kabisa. Mashine inabaki. Wewe Jumatatu utaripoti stoo. Ila kwanza nieleze inavyoendeshwa, polepole, niwaandikie watakaokuja."

Iliuma, asikudanganye mtu. Unywele akamweleza, tangu kuwasha hadi kuzima. Maelezo yote yalichukua dakika kumi na moja, na nne kati ya hizo meneja alikuwa akitafuta kalamu.