Kinamasi Alichokirudisha Chelimo

Chelimo wa upande wa Sotik hakumaliza darasa la pili, lakini kumshinda kwa maneno hakuna aliyeweza. Marehemu mumewe, Johana, ndiye aliyechimba mtaro wa kukausha kinamasi mwaka waliooana, akapanda mikaratusi. Baada ya miaka arobaini na kitu chemchemi ya kijiji ilikauka, na ni huyu huyu mjane wake aliyesimama kanisani akasema mtaro uzibwe na mikaratusi ikatwe. Mawe ya kwanza aliyabeba mwenyewe.

"Mama, sasa utakuwa unakamua vyura?" jirani yake Ombati alimcheka.

"Wewe kuja tu na kikombe."

Maji yalirudi. Wakapanda lamaiywet, mti wa asili unaopenda kusimama majini, na Chelimo akashauri kila mche uwekewe kijiti chenye kitambaa cheupe, ng'ombe wasiukanyage. Hakufikiria kwamba huko kwa mashamba ya chai kijiti chenye kitambaa humwonyesha mchumaji pa kupita.

Alhamisi moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alikuwa mteremkoni akitafuta ndama. Akamwona Janeffer, mke wa mwanawe, akitoka kuchuma chai ng'ambo, kapu mgongoni. Janeffer aliacha njia ya juu akafuata vitambaa.

Chelimo akasahau ndama. Akiwa bibi arusi, kabla ya ule mtaro, aliona mtamba wa mama mkwe wake akizama palepale, nyasi zikiwa kijani na nzuri juu yake. Wanaume walipofika na kamba yalibaki masikio. Hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani wote wanajua, kumbe waliojua walishazikwa.

Aliita, upepo ukarudisha sauti. Akakimbia na goti lake bovu. Alipofika, tope lilikuwa limemfikia Janeffer mapajani.

"Mama, usikuje hapa." Janeffer aliongea polepole, kama anayeogopa kuamsha kitu. "Natafuta chini na mguu, hakuna."

"Usipige teke."

"Nashuka, mama."

"Ukipiga teke ndio unashuka. Toa kapu, lilaze mbele yako, ulalie na kifua."

Kapu lilizama kidogo, likashika. Chelimo alijilaza kifudifudi kwa matope, akafungua leso yake kiunoni, akamrushia ncha.

"Itapasuka."

"Leso nilinunua mimi mwenyewe. Haipasuki. Shika."

Akavuta. Tope nalo likavuta. Alihisi mikono yake ya uzee ikiachia kidole kimoja kimoja, akauma leso kwa meno. Mguu wa kwanza ulitoka. Wa pili ulikawia sana, ukatoka bila gambuti.

Walilala kwa nyasi wakihema. Janeffer akaangalia upande wa ule mtaro uliozibwa.

"Mama, tufungue mtaro?"

Chelimo alitaka kusema ndiyo. Lakini huko chini watu walikuwa wakichota maji.

"Hapana," akasema. "Lakini mimi nilijua hapa, na nilinyamaza."

Kesho yake Ombati na wenzake walikuja na miti ya mikaratusi iliyokatwa, wakaanza kuzungushia ua. Chelimo alitembea mbele akipima kwa fimbo. Ombati hakufanya mzaha.

"Ni hapa tu, mama?"

"Hapa. Na pale kwa majani marefu." Akasimama. "Na pale."

Kila walipogongomelea nguzo alikumbuka shimo lingine, na jioni ilipofika alikuwa bado anakumbuka.