Majani ya Sukari Kutoka Mwimbi

Mama yangu ana kisukari. Asubuhi moja nilimkuta jikoni ametota jasho, na nje Sumbawanga nzima imejifunika makoti kwa baridi. Akaniita kwa jina la marehemu baba. Nilimnywesha maji ya sukari, nikampakia kwenye bajaji hadi hospitali.

Daktari, binti wa maneno machache, alisema sukari imeshuka mno.

"Mbali na vidonge vyetu, mama anakunywa nini kingine?"

Mama akaangalia ukuta. Nikajibu mimi: "Hakuna." Nilijibu kwa kiburi kabisa, maana naishi naye.

Kumbe kipo. Tuliporudi nyumbani alinionyesha fundo la majani makavu, aliyoletewa na dada yake wa Mwimbi. Alikuwa akiyachemsha kila nikienda kazini. Yalikuwa na vinyweleo, shina lake la pembe nne, na harufu iliyokwama puani siku nzima.

Niliyapeleka kwa daktari. Akayageuzageuza, akayapiga picha, akaahidi kuwauliza wanaojua mimea. Tuliporudi kliniki alisema ni aina ya seji, jamaa ya mrehani, ila hii ya kwetu haijachunguzwa vya kutosha. Huenda inashusha sukari, huenda haishushi. Huenda ilikutana na vidonge ikamwangusha, au huenda siku ile mama alimeza vidonge bila kula.

"Kwa hiyo ni sumu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi ni dawa?"

"Hilo nalo sijasema."

Nilimkasirikia. Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu anakurudishia swali lako kama lilivyo!

Jumamosi nikapanda basi kwenda Mwimbi. Mama mkubwa alikuwa anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuweka ungo chini. Nikamuuliza, hao anaowapa majani, wanapona?

"Wanapona sana. Wanarudi hapa na kuku kunishukuru."

"Na wasiorudi?"

Alicheka. "Wasiorudi nao wamepona, mwanangu. Mtu mzima ana shamba lake, ana shughuli zake. Angekuwa bado anaumwa, si angerudi kunisumbua?"

Nami nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Hakuwa tapeli. Anampenda mdogo wake, na majani aliyachuma kwa mikono yake mwenyewe.

Njia nzima niliwafikiria hao wasiorudi. Mara nawaona wanapalilia mahindi, mara nawaona wamezikwa. Halafu nakumbuka kwamba tangu mama aanze majani yale kiu imempungua na anapata usingizi, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini vidonge navyo alivianza miezi hiyohiyo. Kichwa kiliniuma.

Nyumbani nilimkuta mama ameshachemsha kikombe cha majani, hajakinywa. Alikuwa ananisubiri.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Ninywe au nisinywe?"

Nilitaka kumwambia sijui. Nilimtazama usoni, nikaogopa.

"Acha, mama. Yana madhara."

Hakubishana hata kidogo. Akamwaga kikombe, akachukua na fundo lote akalitupa shimoni. Aliporudi alikaa karibu yangu, amepumua, uso umemtulia.

"Afadhali umenihakikishia, mwanangu," akasema. "Maana nilikuwa sijui nimwamini nani."