Kibao cha Kaboni cha Mtani Wangu

Raketi ya mpira wa meza ni kibao cha mbao kilichogundishwa raba pande zote mbili. Wengi huitazama raba tu, kwa kuwa ndiyo yenye rangi. Mimi niliwahi kuambiwa na baharia mmoja kwamba siri yote imo kwenye kibao, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa vibao, ingawa mwenyewe nilikuwa sijui hata kuurudisha mpira ukavuka wavu. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kitu chochote chenye ndani lazima nikione ndani yake.

Aliyekuwa anajua kucheza ni mtoto wa mjomba wangu. Yeye na mimi ni watani. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hawawekeani adabu. Aliniita mume wangu kabla hajang'oa meno ya utoto, nami nilimwita mke wangu asiyejua kupika. Mtani anaweza kukwambia msibani, mbele ya wafiwa, kwamba unanuka kama mbuzi dume, na unatakiwa ucheke. Anaweza kuchukua kitu chako bila kuuliza, iwe kuku au sufuria, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Nilimzidi miaka sita, lakini hajawahi kuniamkia shikamoo. Shikamoo ni ya watu wenye kuheshimiana. Sisi tulikuwa na kilicho bora kuliko heshima.

Mchezo aliujulia kiwandani. Alikuwa mbanguaji katika kiwanda cha korosho kilichokuwa na chumba cha wafanyakazi, na humo mlikuwa na meza ya kijani na kibao kimoja kizuri cha Kichina ambacho hakuna aliyekijali. Alikijali yeye. Alisimama karibu na meza, tumbo linakaribia kugusa ukingo, mkono mfupi, akaupokea mpira ukiwa bado unapanda. Anaunyanyua polepole, unazunguka, mpinzani anausogelea kwa dharau, halafu unaofuata anauchapa hadi unasikika nje.

Kisha ikaja miaka ile ya ruksa. Maduka yakajaa vitu tusivyowahi kuviona, na viwanda vikaanza kufunga milango. Chake kilifungwa. Alipewa barua ya kuachishwa kazi, na kile kibao akakichukua mwenyewe kifuani, ndani ya kanga. Akarudi Mtama kwa mjomba, akawa anabangua korosho kwa mkono uani. Anayebangua hivyo anajua: mafuta ya ganda yanaunguza. Kila nilipopita nikitoka kwenye mashamba ya chumvi Kilwa, nilikokuwa kibarua, nilimkuta ncha za vidole zimebabuka, anazipaka majivu.

Mwaka huo mwalimu wa timu ya shirika moja la Dar es Salaam alipita Lindi, akamwona akicheza ukumbini. Zamani hizo mashirika yaliajiri wachezaji: jina lako limo kwenye kazi za ofisi, mchana unacheza. Mwalimu alimwambia, nami nikiwa nimesimama hapo hapo: "Nahitaji mwanamke mmoja. Msimu wa korosho ukiisha narudi, nakupambanisha na binti wa Mtwara. Mshindi ana kazi."

Alipokuwa anafunga mkoba wake akaongeza, "Ila kibao chako cha kizamani. Washambuliaji siku hizi wanapigia kaboni."

Neno hilo liliniingia mimi kuliko lilivyomwingia yeye. Tulipomsimulia mjomba akauliza, "Kaboni si ile karatasi ya karani?"

"Ndiyo, baba," akajibu mtani wangu. "Nikipiga mpira mmoja, nakala inabaki kwa mume wangu huyu."

Nilikwenda Dar. Sikutumwa na mtu. Kariakoo nikapata duka lenye vifaa vya michezo, na kwenye kioo mlikuwa na vibao vitatu vilivyoandikwa kaboni kwa herufi za dhahabu. Miaka ile tulishajifunza kwamba herufi za dhahabu hazisemi kitu. Nilishanunua saa isiyo na mashine ndani. Lakini kaboni niliijua. Utotoni nilipasua betri nyingi za redio, na kile kijiti cheusi cha katikati ni kaboni, nacho hupitisha umeme. Mbao haipitishi. Kibao cha kaboni ni tabaka za mbao zenye utando mwembamba wa nyuzi nyeusi katikati, na ukitazama ukingoni unauona kama mstari wa wanja. Basi nilitoa betri mbili, waya na balbu ya tochi.

Mwenye duka, mzee wa kofia ya kiua, alinitazama. "Wewe fundi redio au mchezaji?"

"Mnunuzi, mzee wangu."

"Mnunuzi gani anakuja na tochi mchana?"

Nikakwangua ukingo wa kibao cha kwanza kwa ukucha, nikagusisha waya kwenye ule mstari mweusi. Giza. Cha pili, giza. Ilikuwa rangi tu. Cha tatu balbu ikawaka, hafifu, nyekundu kama kaa linalozimika, lakini ikawaka. Nilicheka kwa sauti. Mzee naye akacheka, akaomba nirudie aone tena.

Kisha akauliza, "Anayepigia nani?"

"Mke wangu."

"Anasimama mbali na meza au karibu?"

"Anashambulia."

"Nimekuuliza mbali au karibu."

"Mzee, mshambuliaji ni mshambuliaji."

Akashusha kibao kingine kutoka rafu ya juu, mbao tupu. "Kama anasimama karibu na mkono wake mfupi, mchukulie hiki. Cha kaboni ni cha mtu anayerudi nyuma akavuta mkono wote. Huyo anataka mpira ufike mbali. Wa karibu anataka mpira utulie kidogo kwenye kibao, auambie pa kwenda."

Maneno hayo nayakumbuka neno kwa neno. Siku ile nilimwona mfanyabiashara anayetaka kuniondolea mzigo uliomlalia. Balbu yangu ilikuwa imeshasema. Nikaacha pale redio yangu niliyokuwa nimeibeba mkobani pamoja na pesa yote ya chumvi, nikaondoka na kibao cha kaboni.

Nilifika Mtama zikiwa zimebaki siku sita. Mtani wangu alikuwa shamba na mama yake. Nikaingia chumbani kwake kama mtani, nikachukua kibao cha zamani bila kuuliza, nikakibandua raba zake ili nizibandike kwenye kipya kwa gundi ya kuzibia pancha za baiskeli. Ndivyo alivyokuwa akifanya yeye: ile gundi huifanya raba ivimbe, mpira ukaenda kasi zaidi. Kazi ikaisha mapema. Mbele yangu kikabaki kile kibao cha Kichina, kitupu, chepesi. Nikataka kujua kina tabaka ngapi, na kwa nini yeye hukisifu kwamba kinakaa na mpira.

Nilikitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Gundi ilipolainika nikaingiza kisu. Zilikuwa tabaka tano, ya katikati nene na laini kama muhogo, za nje nyembamba. Nikazipanga juani, nikamwita mjomba aone. Mjomba alizitazama, akanitazama. "Na yeye anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe. Atafurahi akikiona kipya," nikasema.

Na kweli alifurahi. Alikishika, akakinusa, akakigonga kwa ukucha. Kililia kama chupa. Meza yetu ilikuwa milango miwili juu ya mapipa. Nikamrushia mpira. Akaunyanyua kama kawaida yake, polepole. Mpira ukapita juu ya kichwa changu ukaingia kwenye migomba.

"Mume wangu," akasema, "kibao hiki ni wewe mtupu. Hakijafika, kimeshaaga."

Nilicheka hadi nikakaa chini. "Mkono wako umezoea kutwanga kisamvu."

Siku ya pili mipira ilitoka. Siku ya tatu ilitoka michache, lakini kwa sababu alikuwa ameanza kupiga kwa woga. "Hakinisikii," akasema.

"Hata mwiko haukusikii, mke wangu."

"Nirudishie mzee wangu, kile cha Kichina."

"Mzee wako nimeshamzika."

Akacheka. Akanitupia kandambili, ikanipata begani. Akaniambia nikamfukue kabla hajaniita mchawi.

Nimerudia mazungumzo hayo kichwani kuliko sala zangu. Yeye alikuwa anasema kweli, nami nikaicheka kwa kuwa alikuwa mtani. Mimi nilisema kweli, naye akaicheka kwa kuwa nilikuwa mtani. Alidhani kibao chake kimo mkobani mwangu, namchezea tu, nitakitoa. Na mimi, badala ya kumwambia na kumpa siku tatu zilizobaki atafute kingine, nilijipa moyo kwamba mkono utazoea.

Asubuhi ya mchezo, Lindi, watu wameshakaa kwenye mabenchi na mwalimu wa Dar yuko mezani na daftari lake, mtani wangu alinivuta pembeni ya mlango. "Natoka nje ya utani sasa," akasema. "Kiko wapi?"

Ukisikia maneno hayo kwetu, unanyoosha mgongo. Nikafungua mkoba, nikatoa kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na tabaka tano za mbao, zimekauka, zimejikunja kama magamba. Alizigusa moja moja kwa vidole vyake vilivyobabuka. Alikuwa anazihesabu, nadhani, kama nilivyozihesabu mimi. Raketi za ukumbi zilikuwa zimechanika raba, hakuna iliyofaa. Akaingia mezani na kaboni.

Seti ya kwanza alishindwa. Ya pili alishinda kwa kuchapa tu, hakunyanyua hata mpira mmoja, na watu walipiga kelele, nami nikaanza kuamini. Lakini binti wa Mtwara hakuwa mjinga. Katika seti ya tatu akawa anamwekea mipira mifupi, mizito, inayodondoka nyuma tu ya wavu. Mpira wa namna hiyo hauchapwi. Unanyanyuliwa, na mtani wangu ndiye aliyekuwa bingwa wa kuunyanyua. Kila alipounyanyua ulitoka: upana wa kiganja, upana wa vidole viwili. Wa mwisho niliuona unapita ukingo wa meza kwa kiasi cha unene wa kisu. Ukagonga sakafu ya saruji, ukadunda, ukadunda, ukajiviringisha hadi kwenye miguu yangu. Sikuweza kuinama kuuokota.

Mwalimu alikuja akamshika mkono kwa upole. "Mkono unao, binti. Ila kibao kinakutangulia. Nani alikuchagulia kaboni?"

"Wewe ulisema," nikaropoka.

"Nilisema washambuliaji wanapigia kaboni," akajibu. "Sikusema huyu apigie." Akarudi kwenye daftari lake, akaandika jina la yule mwingine.

Njia yote hadi Mtama nilikuwa nasubiri matusi. Niliyatamani. Angeniita mwizi, msumeno wa mashetani, mume aliyeoa sufuria. Ningecheka, angecheka, tungekuwa na pa kuanzia. Lakini alitazama dirishani. Kesho yake alikaa uani na kubangua korosho tangu asubuhi, bila majivu vidoleni, akiniacha nikae karibu naye kama gunia. Mjomba alikohoa mara mbili tatu na kuingia ndani. Hakuna aliyeweza kumwambia akasirike. Sheria ya utani ilikuwa imemfunga mdomo. Mtani akichukua chako, huna kesi.

Siku ya tatu niliamua kurudi Kilwa. Nilikuwa nafunga kamba za mkoba barazani alipotoka ndani akiwa amejifunga kanga vizuri, kichwa amekifunika kama anayekwenda kwa wakwe. Kwa mikono miwili alikuwa ameshika kile kibao cha kaboni, amekipangusa, amekivika kitambaa. Akakiweka juu ya mkoba wangu. Kisha akarudi hatua moja, akapinda goti kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Mjomba, aliyekuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini. Mimi nilimtazama usoni, nikitafuta kicheko pembeni ya mdomo. Hakikuwepo. Alisimama macho yake chini, akisubiri, kama binti yeyote mwenye malezi anavyosubiri mkubwa amwitikie.

Niliwaza kumjibu tusi. Niliwaza kunyamaza. Lakini shikamoo haikataliwi, na mzazi wake alikuwa anatazama.

"Marahaba," nikasema.