Pedeli Nzito

Fundi alikuwa na mdomo, tuseme ukweli. Miaka kumi na minane alishona sare za shule, na kosa halikuwa lake hata siku moja: kitambaa kibovu, uzi mbovu, mteja kanenepa. Kwa hiyo pedeli ya cherehani ilipoanza kuwa nzito, hakujiuliza mara mbili. Alimgeukia mdogo wake, waliyekuwa wakishona naye chumba kimoja.

"Umeifanya nini mashine yangu?"

"Dada, mbona mimi naikanyaga vizuri tu?"

Fundi akatia mafuta. Akakaza mkanda. Akamwita mtengeneza mashine, naye akaizungusha, akasema ni nzima. Akatimuliwa kama mwizi. Wiki ya pili Fundi akamtupia mdogo wake mkasi na mkoba nje, wateja wanatazama. Yule, kwa uchungu, akasema, "Haya, kanyaga mwenyewe basi. Mungu akunyime hiyo miguu!"

Siku tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, Fundi aliteremka kitandani akaanguka puu. Kuanzia kitovuni kwenda chini hasikii kitu. Aliyehangaika na gari mpaka akamfikisha hospitali ni huyo huyo mdogo mtu.

Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alisema uti wa mgongo umevimba kwa ndani, ugonjwa wa nadra, na lazima wasake chanzo. Wakasaka kweli. Walivuta damu, wakavuta maji ya mgongoni, wakamwingiza kwenye mashine ya picha inayogonga kama mafundi bati. Na kila siku swali lile lile: "Ilianza lini, mama? Siku za mwanzo ndizo zinazotusaidia."

"Jumatatu," Fundi alijibu, macho ukutani.

Mdogo wake alimgeuza, akamwosha, akambadilishia shuka. Alikonda, jamani, kuliko mgonjwa. Kila majibu yalipoletwa aliyatolea macho, na daktari aliposema hakuna kitu, aliinamisha kichwa. Fundi alidhani ni uchovu.

Wiki ya tatu daktari alikuja mikono mitupu. Vipimo vimekwisha, chanzo hakikuonekana. Wapo wanaoinuka tena na wapo wasioinuka, hakutaka kumdanganya. Alipotoka tu, mdogo mtu alipiga magoti kando ya kitanda.

"Dada, nisamehe. Ni mdomo wangu. Nilikuwa naomba waseme ni mdudu, mdudu wowote, nami nipumue. Hawakumwona."

Fundi moyo ulimlipuka. Masikini, wiki tatu nzima anabeba mzigo huu! Na kunyamaza kulikuwa rahisi: angebaki yeye ndiye aliyekosewa, kama kawaida yake.

"Nyanyuka," alisema. "Mguu ulianza kufa ganzi kabla hujasema neno. Zile wiki mbili zote. Nilikuwa nasukuma pedeli, mguu wenyewe siusikii."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Ningesema, ningekuwa nimekufukuza bure."

Mdogo wake alimkodolea macho.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa."

"Dada, wiki mbili! Ungekuja hapa unatembea."

"Najua."

Hapo mdogo mtu aliangua kilio mpaka nesi akachungulia mlangoni. Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akafunua shuka, akaanza kumsugua dada yake miguu. Fundi alijua anasuguliwa kwa sababu alikuwa anatazama.